Ahadi ni Deni, Hata kwa Mnyonge

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, hapana mtoto wa chuoni asiyejua kuwa ahadi ni deni. Lakini wengi wetu huichukua amri hii kuwa ni ya dukani na nyumbani tu. Katika Sura An-Nahl, aya ya 91 na ya 92, Mwenyezi Mungu ameipeleka mbali zaidi. Ametukataza kuvunja viapo baada ya kuvithibitisha, akamfananisha avunjaye na mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua. Tena ameitaja sababu: ni kwa kuwa taifa moja limekuwa na nguvu kuliko jingine. Basi aya hii yawahusu watu wote wenye nguvu wanapoahidiana na wanyonge.

Na tuitazame aya hiyo hapa hapa Kenya. Mwezi wa Agosti 1904, Kamishna wa Kiingereza, Donald Stewart, alipatana na Wamasai, akiwamo laiboni wao Olonana. Wamasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa, karibu na reli, ili walowezi wapate nafasi. Wao walipewa sehemu mbili, Laikipia kaskazini na nyingine kusini, na njia ya kuziunganisha yenye upana wa nusu maili. Mapatano yakasema kwamba yatadumu maadamu kabila la Wamasai lipo.

Haikupita hata miaka saba. Walowezi waliitamani Laikipia, na mwezi wa Aprili 1911 yakafanywa mapatano mengine ya kuwahamisha Wamasai kwenda kusini. Wamasai bado walikuwapo; kilichokwisha ni haja ya mwenye nguvu kuiheshimu kalamu yake. Uzi ukafumuliwa.

Baadhi yao, akiwamo Ole Njogo, hawakushika mikuki, walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama iliwajibu kwamba mapatano yale yalikuwa ni ya dola na watu wa kigeni, kwa hivyo mahakama haina uwezo wa kuyahukumu. Rufaa yao pia ikashindwa. Tafakarini, ndugu zetu: Wamasai walihesabiwa kuwa taifa ili watie sahihi, na kwa sababu hiyo hiyo wakanyimwa hakimu.

Linganisheni na hukumu ya Samarkand. Wanahistoria, akiwamo Tabari, wamesimulia kwamba watu wa mji ule walimshitakia Khalifa Umar bin Abdul-Aziz kwamba jemadari Qutaiba aliuingia mji wao kwa khiana. Khalifa akaamuru kadhi asikilize shauri lao. Wadai hawakuwa Waislamu, na washitakiwa walikuwa ni jeshi la Kiislamu. Hata hivyo kadhi alihukumu jeshi litoke mjini lirudi kambini, kisha pande mbili zianze upya. Watu wa Samarkand wenyewe ndio walioridhia kuyaacha mambo yalivyokuwa.

Huenda msomaji akasema: hayo aliyafanya Mwingereza, naye amekwisha kwenda zake. Twajibu kwa sheria ya mirathi. Mtu akifa, warithi hawagawi mali mpaka deni lilipwe kwanza. Ndivyo ilivyoamrishwa katika Sura An-Nisaa. Serikali ya Kenya huru iliirithi nchi, na deni la Laikipia limo ndani ya mali iliyorithiwa. Lakini mwezi wa Agosti 2004, Wamasai walipoandamana kuidai Laikipia baada ya miaka 100, madai yao yalikataliwa, na askari wakapelekwa kuwazuia.

Hatusemi watu wafukuzwe kwa nguvu. Wako huko waliokuja baadaye kwa njia ya halali, wala hawakuvunja ahadi yoyote. Deni laweza kulipwa kwa ardhi, au kwa fidia, au kwa mapatano mapya ya ridhaa. La kwanza ni kukiri kwamba ni deni.

Na sisi Waislamu tuna sababu yetu ya kutonyamaza. Mwezi wa Oktoba 1963, serikali ya Kenya na ya Zanzibar ziliandikiana kuhusu Pwani, na katika maandiko yale ziliwekewa dhamana dini yetu na mahakama za Kadhi. Ilipobishaniwa katiba mpya, tuliyashika mapatano hayo kwa mikono miwili, na mahakama hizo zikawekwa katika Katiba ya 2010. Tulisema kwamba serikali mrithi imefungwa na ahadi iliyowekwa. Tulisema kweli. Je, kweli hiyo ni yetu peke yetu? Sura Al-Mutaffifin imewaonya wanaodai kipimo kamili wanapopokea, na kupunguza wanapowapimia wengine. Mwenye kudai mapatano ya 1963 na kuyacheka ya 1904 ana mizani mbili.

Basi tufanye haya: tuwasomeshe watoto wetu habari hii katika madarasa, wenye kauli serikalini na misikitini waiseme, na kila mmoja wetu aangalie ahadi aliyompa mtu asiye na nguvu ya kumdai, awe mpangaji, mfanyakazi au yatima, ailipe kabla ya kuwanyoshea wengine kidole.

Ee Mola wetu, tujaalie tuwe watimizaji wa ahadi, tunapokuwa wanyonge na tunapokuwa na nguvu. Amin.