Je, Ni Haki Kumpasua Mtoto Huntha?

Wapo watoto wazaliwao ambao mkunga akiwatazama hawezi kusema upesi kama ni wa kiume au wa kike. Wazee wa pwani walimwita mtu wa namna hiyo huntha, na jina hilo latumika hata leo. Habari zake husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi mama ndiye alaumiwaye. Kumbe mtoto huumbika hivyo tumboni, wala si kwa kosa la mtu ye yote. Twauliza swali moja tu: je, ni haki kumpasua angali mchanga, ili aonekane kama wengine?

Kwanza tuyatenge yasiyo na shaka. Njia ya mkojo ikiziba, daktari na apasue, wala asingoje. Tena uko ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, ambao katika namna yake kali mwili hupoteza chumvi, naye mtoto aweza kufa katika majuma machache asipopewa dawa. Lakini hiyo ni dawa, si kisu. Kisu mara nyingi huitwa kwa ajili ya macho ya watu: shangazi atakayemwogesha mtoto, majirani watakaouliza, na karatasi ya serikali itakayo neno moja.

Karatasi hiyo si jambo dogo. Katika Kenya alizaliwa mtoto mwaka 2009, na hospitalini, mahali pa kuandika jinsia, pakawekwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaitaka Serikali ieleze ni nani atakayewahesabu watu hao, na ni sheria gani itakayouongoza upasuaji wao. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata 1,524. Nasi twadhani wengi walifichwa nyumbani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yakataza kumbadilisha au kumwondolea mtoto huntha viungo bila shauri la daktari ajuaye mambo ya urithi wa mwili. Malta ilikwisha kuzuia upasuaji wa namna hiyo mwaka 2015.

Madaktari waliopasua walikuwa na hoja yao. John Money, mtaalamu wa Johns Hopkins huko Baltimore, alifundisha kwamba mtoto mchanga akilelewa kama msichana atakuwa msichana, mradi mwili wake ulinganishwe mapema. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mtoto wa Winnipeg, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1965, mmoja wa pacha wawili wa kiume. Huyu hakuwa huntha. Uume wake uliungua kwa chombo cha umeme alipokuwa akitahiriwa. Kwa shauri la Money alihasiwa mwaka 1967, akavikwa magauni. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba jambo limefaulu, na wapasuaji wa nchi nyingine wakaitegemea habari hiyo. Walakini mtoto mwenyewe aliyakataa magauni. Alipokuwa na miaka 14 baba yake alimwambia kweli, akarudi kuwa mwanamume, akajiita David Reimer. Mwaka 1997 Milton Diamond na Keith Sigmundson walitangaza yaliyompata. Mwaka 2004 alijiua, akiwa na miaka 38.

Wazazi wake walimpenda. Hilo latutisha kuliko yote.

Mtu atasema: mbona wazazi huwaamulia watoto mambo mengi, hata chanjo? Ni kweli. Lakini chanjo humkinga mtoto na ugonjwa, bali kisu hiki chaweza kumnyima uzazi na hisia za mwili, navyo havirudi. Atasema tena: watoto wenzake watamcheka. Huenda watamcheka, lakini hatuoni kwa nini akatwe yeye kwa kosa la wachekaji. (Swali la mtu mzima aombaye mwenyewe kupasuliwa ni jingine. Yeye ana kinywa, naye hujibu akiulizwa.)

Wala kuacha kupasua si kumwacha mtoto bila jina. Wazazi waweza, baada ya madaktari kumpima, kumpa jina la kiume au la kike, wamshonee nguo, wampeleke shuleni. Mwili wake uachwe kama ulivyo mpaka awe na umri wa kusema. Akisema walikosea, jina hubadilishwa kwa kalamu.