Bei ya Gitaa la Shoto

Baada ya Ibada ya Jioni Jumapili moja alitujia ndugu mmoja wa mtaa wetu, mwenye biashara ya vitu vilivyokwisha kutumika. Alikuwa na swali, naye alidhani ni dogo. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi amekaa na gitaa moja la mti, lisilotumia umeme, lililotengenezwa kwa ajili ya mtu wa shoto. Alilinunua kwa shilingi 70,000, akalitundika ukutani, na kila aliyelijaribu alilirudisha huku akicheka. Bei yake ilikuwa 100,000. Hata akaja kijana mmoja wa kwaya, akalipakata, na vidole vyake vya kushoto vikaenda moja kwa moja kwenye nyuzi. Hapo ndugu yetu akasema 200,000. "Mwalimu," akatuuliza, "nimekosa? Mali si yangu?"

Kabla ya kuhukumu yafaa kwanza kulijua gitaa lenyewe, maana wako watakaosema, kijana na anunue gitaa la kawaida, ageuze nyuzi, basi. Sivyo. Nyuzi ni sita, nene huwa juu na nyembamba chini, na kile kifupa kilicho mwisho wa shingo kimechongwa mifereji kwa unene wa kila uzi. Ukigeuza, uzi mnene hauingii na mwembamba huchezacheza. Tena kifupa kilicho juu ya daraja huwekwa mshazari kidogo, ili uzi mnene uwe mrefu zaidi. Ukigeuza nyuzi bila kukigeuza, sauti hazitapatana kila upandapo shingoni. Gitaa la nyuzi za nailoni lina nafuu, kwa kuwa kifupa chake kwa kawaida hakikuinamishwa. Tunajua vile vile habari za mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Cotten, aliyezaliwa mwaka 1893, ambaye alishika gitaa la mkono wa kulia juu chini bila kubadili hata uzi mmoja, akapiga nyuzi nyembamba kwa dole gumba, akawa na sifa kubwa. Lakini si haki kumtaka kila kijana awe Elizabeth Cotten.

Basi kijana huyu alikuwa na haja ya kweli, na muuzaji aliiona. Je, haja ya mtu ni bidhaa?

Tomaso wa Akwino, mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alilichambua jambo hili vizuri kuliko wengi waliomfuata. Alifundisha kwamba ikiwa muuzaji atapata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa yeye hapotezi neno, na faida kubwa ya mnunuzi yatokana na hali ya mnunuzi mwenyewe, muuzaji asiipandishe bei kwa sababu hiyo, maana hawezi kuuza kisicho chake. Gitaa ni mali ya ndugu yetu. Mkono wa shoto ni wa kijana.

Hata hivyo tusimwonee mfanya biashara. Mtu mmoja hivi katika kila kumi ndiye shoto, na katika hao wapigao gitaa ni wachache. Fedha zake zimelala ukutani miaka miwili, naye ana watoto wa kulisha. Akisema, "Nimengoja, nilipeni kungoja kwangu," tunaona ana neno. Ila kungoja huko alikuwa amekwisha kukuhesabu katika zile 100,000. Ile laki ya pili ilizaliwa alipoutazama mkono.

Na kijana naye asijidhani mtakatifu. Alijua kwamba hakuna mwingine atakayelitaka gitaa lile, na (tuliambiwa) alianza kwa kutoa 50,000, akilidharau. Kitabu cha Mithali kinamjua sana mnunuzi wa namna hiyo, aponduaye kitu dukani kisha akajisifu akienda zake. Wote wawili walikuwa wamekamatana mahali pamoja.

Tulimweleza ndugu yetu hayo, tukaongeza swali: lina kasoro isiyoonekana? Kwa maana Tomaso asema kasoro iliyo wazi haina lazima kutangazwa, bali iliyofichika mwuzaji ataitaja. Alinyamaza kidogo, akaaga.

Kuna jambo jingine ambalo hatukumwambia. Sisi tuliofundisha zamani tuliwazuia watoto wa shoto wasiandike kwa mkono wao. Tuliwapiga rula vidoleni, tukaandika katika ripoti kwamba mwandiko ni mbaya, ijapokuwa tulisoma nao habari za Ehudi na za wale Wabenyamini mia saba wenye shoto waliotupa mawe kwa kombeo pasipo kukosa. Wazazi walitushukuru. Sisi hatukupandisha bei ya kitu. Tulimtoza mtoto hata hivyo.

Jumamosi iliyofuata kijana alikuja mazoezini na gitaa. Hatukumwuliza bei. Nyuma yake, karibu na shingo, palikuwa na ufa mwembamba uliozungushiwa chaki. Alisema ni muuzaji aliyeuzungushia, kabla hawajahesabiana fedha.