Mkono wa Karani

Liko neno ambalo kila mtu aliyepata kusimama mbele ya meza ya ofisi amelisikia: "Mimi ni karani tu." Kwa neno hilo mtu hunawa mikono. Barua imewanyang'anya watu shamba lao, jina la mjane limefutwa katika orodha, hesabu imepindwa. Lakini aliyeandika asema hakutunga yeye, aliambiwa andika, akaandika. Na wahenga wamempa ngao: mjumbe hauawi. Twataka kuuliza kama ngao hiyo yamkinga karani mbele ya Mungu kama imkingavyo mbele ya watu.

Ili tusimguse jirani, na tumchukue karani wa mbali, ambaye barua zake zimehifadhiwa kwa wingi: Walt Whitman wa Marekani (1819–1892). Dunia yamjua kwa mashairi yake. Mashairi hayo hatuwezi kuyasifu yote, maana mna ndani yake mambo yasiyo na haya. Lakini hapa twamtazama kama karani, kazi iliyompa mkate kwa muda wa miaka kumi hivi katika mji wa Washington.

Alifika huko kwa sababu ya ndugu yake George, aliyejeruhiwa Desemba 1862 katika mapigano ya Fredericksburg, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jeraha lilikuwa dogo, lakini Whitman hakurudi kwao. Alipata kazi ya kunakili hati katika ofisi ya mlipa mishahara ya askari, na saa zake nyingine akazitoa kwa wagonjwa wa hospitali za jeshi. Kwa makadirio yake mwenyewe alizuru zaidi ya mara mia sita, akapita kati ya wagonjwa na majeruhi 80,000 hadi 100,000. Aliwapelekea matunda na karatasi, na wasioweza kuandika akawaandikia. Agosti 1863 aliwaandikia wazazi wa kijana Erastus Haskell, askari wa jimbo la New York, aliyekufa kwa homa ya matumbo. Aliwaeleza jinsi alivyokaa kando ya kitanda chake na jinsi mtoto wao alivyokuwa mpole. Hakuna mkubwa wa kazi aliyemwagiza barua ile.

Vita vilipokwisha alihamia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tarehe 29 Mei 1865 Rais Andrew Johnson alikuwa ametangaza msamaha kwa watu wa Kusini waliokuwa wameasi, lakini aina fulani za watu, pamoja na wenye mali ya zaidi ya dola 20,000, walitakiwa kuomba mmoja mmoja. Maombi hayo yalipitia ofisi ile. Fikirini hali yake. Mtu aliyewafumba macho vijana waliouawa na risasi za Kusini, mtu ambaye ndugu yake alikuwa mfungwa wa Kusini kuanzia Septemba 1864 hadi Februari 1865, sasa akaa katika ofisi ya kuwaandikia msamaha matajiri wa Kusini. Karani mwenye chuki ana njia nyingi za kulipiza kisasi, nasi twazijua: jalada hupotea, jina hukosewa herufi, mwombaji huambiwa arudi kesho. Hapo neno la "karani tu" lina utakatifu wake. Ni vema mtumishi ajue kwamba rehema si yake, na kwamba asiizuie njiani kwa sababu ya moyo wake. Mwaka 2011 mwanachuoni Kenneth Price alitangaza kwamba ametambua katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa hati karibu 3,000 zenye mwandiko wa Whitman, barua za serikali juu ya sheria, kesi na siasa za miaka ile. Sehemu kubwa ni maneno ya wakubwa wake, si yake.

Lakini nchi ile ile yatupa mfano wa pili, nao ni mchungu. Sheria ya mwaka 1850 juu ya watumwa watoro iliweka makamishna wa kuamua kama mtu aliyekamatwa arudishwe utumwani. Kamishna akitoa hati ya kumrudisha, alilipwa dola kumi. Akimwacha huru, dola tano. Watu walipolalamika, watetezi wa sheria walijibu kwamba kumrudisha mtu kulitaka maandishi mengi zaidi! Yaani dola tano za ziada zilikuwa malipo ya wino. Naye aliyeinakili hati ile kwa mwandiko mzuri, akaipiga muhuri, je, ataingia mbinguni kwa kusema kwamba yeye alikuwa mjumbe?

Tuliosoma seminarini twakumbuka kifungu kimoja katika mafundisho ya maadili. Walikuwako walimu waliosema kwamba mtumishi anayembebea bwana wake ngazi, huku akijua kwamba bwana apanda dirishani kwenda kumnajisi msichana, hatendi dhambi ya mauti kama afanya hivyo kwa kuogopa hasara kubwa. Papa Inosenti XI aliilaani kauli hiyo mwaka 1679. Mtumishi hakupanda, alishika ngazi tu. Kalamu nayo ni ngazi.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuwahukumu watu. Mwenye watoto watano na mshahara mmoja hawezi kuacha kazi kila mara mkubwa wake anapoandika upuuzi au ukali usio wa lazima. Kanisa halimdai hivyo. Lamtaka apime: uovu huu una uzito gani, mkono wangu u karibu nao kiasi gani, nikikataa nitapata hasara gani, na yule anayedhulumiwa atapata nini? Mtu akisha kupima hivyo, amekwisha kukiri kwamba yeye si kalamu.

Wenye mamlaka hawakuliamini neno hilo kamwe. Mfalme Yehoyakimu alipokwisha kulichoma motoni gombo la Yeremia, aliamuru akamatwe nabii, na pamoja naye Baruku mwandishi, ingawa Baruku alikuwa amekwisha kueleza kwamba nabii alitamka naye akaandika kwa wino. Whitman naye aliyaonja hayo. Mwanzoni mwa 1865 alikuwa karani katika idara ya mambo ya wenyeji wa asili, kwa mshahara wa dola 1,200 kwa mwaka. Mwisho wa Juni, James Harlan, Waziri wa Mambo ya Ndani, akamfukuza. Kwa maelezo ya rafiki zake, waziri alikuwa amekiona kitabu cha mashairi yake katika meza yake ya kazi. Juu ya kitabu tusingebishana sana na waziri. Juu ya kupekua meza ya mtu tungebishana naye. Lakini waziri alijua kwamba nyuma ya mwandiko ule yuko mtu, naye ana moyo.

Tarehe 21 Januari 1866 karani huyo, ambaye wakati huo alikuwa na kazi ya kutosha mezani kwake, aliandika barua moja zaidi. Askari Nelson Jabo, mgonjwa wa kifua katika hospitali ya Washington, hakuweza kuandika, na mkewe alikuwa mbali akingoja habari. Whitman akaandika maneno ya mgonjwa kwa mke wake. Halafu, kama Tertio katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, aliyeandika kwa kutamkiwa na Paulo kisha akatia salamu zake mwenyewe, akaongeza jina lake chini ya karatasi, mama yule ajue kwamba mkono ule ni wa nani, na kwamba ni wa rafiki. Karatasi hiyo ilikaa katika jalada la malipo ya mjane hadi mwaka 2016, ilipotambuliwa na mtu aliyejitolea kupanga majalada ya zamani.