Rudi, Ewe Mwandishi wa Usiku wa Mwisho!

Ndugu yangu mwanafunzi, najua uko wapi saa hii! Uko Kikula, hapa Likasi, umelala kifudifudi kitandani, simu mkononi, mega za intaneti zinakaribia kwisha, umeme umekatwa tangu jioni. TFC, kazi yako ya kumaliza masomo, inatakiwa wiki ijayo. Umeiandikia mashine mstari mmoja tu: niandikie sura ya kwanza juu ya historia ya migodi ya Likasi. Nayo inaandika! Inaandika upesi, inaandika vizuri, inaandika bila haya!

Ondoa kidole hicho!

Usiniambie hujui. Unajua. Umejua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana unafunika simu mwenzako akipita nyuma yako. Anayeficha ameshahukumiwa na moyo wake mwenyewe. Kilichobaki ni kuacha, nawe unasema kesho. Kesho! Mwezi uliopita pia ulisema kesho!

Sikia basi kinachokuandikia ni kitu gani. Hii wanayoiita akili mnemba imelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, na kazi yake ni kukisia neno lipi hufuata neno lipi. Ikikosa kitabu cha kukutajia, mara nyingi haikwambii sina. Inakiunda! Mwandishi atakuwa na jina, mwaka utakuwepo, ukurasa utatajwa, na kitabu hakijawahi kupigwa chapa popote.

Nami nilianguka, nisijifanye mtakatifu. Niliiuliza programu moja juu ya Shinkolobwe, mgodi wa jirani zetu ambao urani yake iliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Nikapewa kitabu chenye jina tamu, mwandishi Mbelgiji, ukurasa wa 112. Nikapanda gari mpaka Lubumbashi, kilomita kama 120. Mama wa maktaba akapekua kadi zake, akapekua tena, kisha akanitazama kwa huruma. "Papa, kitabu hiki umekiona kwa macho yako?"

Nilinyamaza. Mtu mzima, mvi kichwani, nikanyamaza kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Wala usidhani ni aibu ya kwetu peke yetu. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili walipeleka kortini hukumu walizopewa na ChatGPT, na hukumu hizo hazikuwahi kutolewa na jaji yeyote. Faini ilikuwa dola 5,000. Watu wa suti, watu wa vyeo! Wewe jopo la walimu litakapokuuliza ukurasa huu uliusoma wapi, utajificha nyuma ya nani?

Lakini faini ni jambo dogo. Hatari yenyewe iko kwingine, na ndiyo iliyonifanya nichapishe karatasi hii.

Mwaka 1941, katika mji wetu huuhuu wa Likasi, wakati huo ukiitwa Jadotville, alizaliwa Valentin-Yves Mudimbe. Mwaka 1988 alitoa kitabu The Invention of Africa, akauonyesha ulimwengu jinsi Afrika ilivyoandikwa na wengine: wamisionari, watawala, wapima vichwa. Waliandika mpaka maneno yao yakawa maktaba nzima, na sisi tukaja kujisoma humo. Mudimbe alibishana na maktaba hiyo mpaka alipofariki mwaka 2025. Nawe, mtoto wa mji wake, unaiomba mashine iliyonyweshwa maktaba ileile ikwambie Likasi ni nini! Unaiomba wakati dirisha lako linatazama Likasi!

Esau alipouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza alikuwa na njaa angalau.

Mashine imesoma kilichoandikwa. Kwetu, mengi hayakuandikwa. Iulize juu ya mwaka 2003, kampuni ya migodi Gécamines ilipoanza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Itakupa aya safi, isiyo na harufu. Sasa vuka uende mtaa wa Panda, ukae na mzee kama yule niliyekaa naye mimi. Alinitolea karatasi aliyotia sahihi, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema pesa ile alinunua mashine ya kusaga mahindi, ikafa baada ya miezi minane. Mama, mkewe, akadakia kutoka jikoni: "Minane ya wapi? Sita!" Wakabishana, wakacheka, kisha mzee akanyamaza kwa muda mrefu akitazama mikono yake.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza unayoitafuta! Minane au sita, nani alikumbuka vizuri, kwa nini alinyamaza: huo ni utafiti! Hakuna simu iliyousikia mzozo ule wa jikoni.

Na wazee wanaondoka. Wanaondoka kwa kifua, wanaondoka kwa sukari, wanaondoka usiku bila kuaga. Wewe unasubiri mega!

Sisemi uitupe simu jikoni iungue. Sisemi chombo ni shetani. Iambie mashine ikusahihishie Kifaransa chako, ikufafanulie makala ya Kiingereza iliyokushinda, ikutafutie hoja za kukupinga. Kisha umwambie profesa wako wazi kwamba uliitumia na kwa kazi gani. Lakini daftari litangulie! Kabla hujaiuliza chochote, uwe umekwisha kuandika wewe!

Nunua daftari leo. La kurasa mia latosha. Andika tarehe, andika mahali, andika nani amesema na kama amekuruhusu. Maneno ya mzee yaweke ndani ya alama za kunukuu, kama alivyoyatamka, pamoja na makosa yake. Ulichosoma, andika na ukurasa wake palepale, maana kesho hutakumbuka. Unachofikiri wewe, kipigie mstari pembeni, ili usije ukachanganya sauti yako na sauti ya mwingine. Sauti ya mzee usiipandishe kwenye programu yoyote bila idhini yake. Alikuambia wewe, hakuuambia ulimwengu.

Mjerumani Niklas Luhmann alijaza karatasi ndogo kama 90,000 kwa mkono wake, moja ikiita nyingine kwa namba, na humo vikatoka vitabu kwa makumi. Sikudai 90,000. Nakudai kumi! Kumi kabla ya Jumapili! Ukiwa na kompyuta, iko Zotero ya kutunzia orodha ya vitabu vyako. Ni bure, na ukishaiweka hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Kwetu hilo si jambo dogo.

Unaijua malakiti. Mtoto yeyote wa Likasi anaijua: ya kweli ni nzito na ubaridi wake unausikia kiganjani, ya bandia ni plastiki, nyepesi, ya vuguvugu. Shika sura yako ya kwanza. Ishike sasa, usiku huu, soma sentensi moja kwa sauti. Ni nzito? Uliichimba wewe? Unaweza kuitetea ukiwa umesimama, bila simu, mbele ya walimu wanne na mama yako ameketi nyuma na kitenge kipya?

Kama huwezi, ifute! Ifute yote, hata ile aya uliyoipenda! Utalia dakika kumi, utalala vizuri.

Kesho asubuhi nenda Panda. Beba kalamu mbili, moja haikosi kukauka, na sukari kidogo kwa ajili ya mama. Wazee huamka mapema. Saa kumi na mbili na nusu yule wangu huwa ameshatoa kiti chake mlangoni.