Jina la Mwingine Miguuni



Mwaka 1984 kampuni ya viatu ya Nike, huko Marekani, ilipatana na Michael Jordan, kijana wa miaka 21 aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia katika mpira wa kikapu wa kulipwa. Mwaka uliofuata viatu vyenye jina lake, Air Jordan, vilianza kuuzwa kwa dola 65. Vilikuwa ngozi, mpira na kamba, kama viatu vingine. Wakuu wa ligi ya NBA walimkataza kuvaa uwanjani viatu vya rangi nyeusi na nyekundu. Mfanyabiashara mwingine angelia, hawa walishangilia. Walitoa tangazo la televisheni kwamba ligi imevikataa, lakini haina uwezo wa kukuzuia wewe usivivae. Watu wakavigombania.

Yule nyoka wa bustani ya Edeni hakumwambia Hawa kwamba tunda ni tamu. Alimwambia kwamba akilila atakuwa kama Mungu. Ndiyo kazi ya tangazo hata leo, lijapo katika simu ya mtoto kwa kinywa cha mwimbaji au mchezaji aliyelipwa: halisifu kitu, bali laahidi kumgeuza mwenye kukinunua.

Mwaka 1989, katika jimbo la Maryland, mvulana wa miaka 15 alikutwa amenyongwa, miguu mitupu. Viatu vyake vya Jordan vilikuwa vimechukuliwa.

Tusiwanyoshee kidole Wamarekani. Mtoto wetu akililia kiatu chenye jina, wakati ada ya shule haijalipwa, haombi kiatu hasa. Aomba asidharauliwe na wenzake. Ombi hilo si dhambi. Lakini nani alimfundisha kwamba heshima huvaliwa? Mtakatifu Yakobo aliwakaripia Wakristu waliomkalisha pazuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha maskini amesimama. Nasi je, siku ya Pasaka, pale mlangoni mwa kanisa, hatugeuzi shingo kutazama nani amevaa nini? Watoto wanatuona.

Mtoto huyo analo jina tayari. Alipewa siku ya Ubatizo, wala hakuna aliyelinunua. Wazazi, mwelezeni habari za siku ile: nani alimbeba, nani alimsimamia, na kwa nini mlimchagulia mtakatifu yule na si mwingine. Mwelezeni jioni, kabla ya sala ya pamoja, simu zote zikiwa zimezimwa, na yenu pia.