Kupenda Si Kudhamini

Watu wawili wakiamua kuhamia nyumba moja, maswali ya kwanza huwa mepesi: nani ana friji, godoro la nani ni zuri, tukae Roysambu au tusogee Ruiru. Swali gumu huachwa mpaka simu za wadai zianze kulia: mwenzangu, unadaiwa pesa ngapi, na nani?

Wengi huona haya kuuliza, kana kwamba ni kumpima mtu bei. Lakini deni haliishi peke yake mfukoni mwa aliyekopa. Pesa ikiingia kwenye M-Pesa, Fuliza inachukua chake kwanza. HELB na Sacco hukata kwa mshahara. Kinachofika nyumbani ni mabaki, na pengo la kodi na stima linajazwa na yule asiyedaiwa. Yaani unalipa deni hata kama hulijui. Kumsaidia mtu kwa hiari ni wema. Kubebeshwa bila kujua si wema wa yeyote.

Hapo ndipo kosa lilipo, kwa maoni yangu: si kudaiwa, ni kuficha. Kuna aliyekopa kumlipia mdogo wake karo, au kumtoa mama hospitalini. Kuna aliyekopa kubeti, na bado anabeti. Kiasi kinaweza kulingana hadi shilingi ya mwisho, lakini la kwanza lina mwisho na la pili halina. Kwa hivyo usiulize tu ni ngapi. Uliza lilitoka wapi na linaelekea wapi.

Ukishajua, msaidie bila kuwa yeye. Ukiweka sahihi ya udhamini kwenye mkopo wake wa Sacco, akishindwa kulipa, akiba yako inaweza kuchukuliwa, mpendane msipendane. Vivyo hivyo ukikopa kwa jina lako ili umlipie: deni limehama, halijapungua. Nyumba yenye dhiki inahitaji mtu mmoja anayeweza bado kukopesheka mtoto akiugua. Wote wawili wakizama, nani atarusha kamba?

Sasa hesabu. Tuseme wewe unabaki na 60,000 kwa mwezi, naye baada ya makato anabaki na 30,000. Gharama za nyumba ni 30,000. Mkigawana nusu kwa nusu, wewe unatoa robo ya pesa zako, yeye nusu ya zake. Ukitoa 20,000 naye 10,000, kila mmoja anatoa theluthi. Hiyo ni haki zaidi, lakini tusidanganyane: kwa kuhesabu baada ya makato, tayari unamsaidia kulipa. Basi msaada huo uitwe kwa jina lake, na uwekewe mwisho.

Kuna watakaosema kujilinda hivi ni kukosa imani. Mimi naogopa jambo lingine: kujilinda kugeuke kumnyonya mwenzako. Asiyedaiwa analipia ploti kwa jina lake pekee, huku mwenzake akinunua unga, akipika na kufua. Miaka mitano baadaye mmoja ana hatimiliki, mwingine hana hata risiti ya unga.

Wenye ndoa wana Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inayotambua kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango. Wanaokaa tu pamoja wasiitegemee sana. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuwadhania watu kuwa wameoana kwa sababu wameishi pamoja kufanywe kwa nadra. Anayedai fungu la mali inabidi aonyeshe alichochangia.

Kwa hivyo andikeni. Karatasi moja inatosha kuanzia: kila mtu na madeni yake, nani analipa nini, na mali ikinunuliwa ni ya nani. Kila mmoja aombe ripoti yake ya CRB, hata yule anayejiona msafi. Ukaguzi wa upande mmoja ni polisi, si mapenzi.

Mazungumzo haya yafanyike kabla gari la kuhamisha vitu halijaitwa. Mkishindwa kuyasema wakati kila mtu bado ana ufunguo wake, mtayasema vipi mkishakuwa na landilodi mmoja?