Kichupa Hakirudishi Klachi

Mwanangu, kaa kwanza. Hicho kichupa usikifungue. Najua ulivyoambiwa dukani: mimina, endesha siku mbili tatu, gia boksi itapona. Nimechoka kulisema hili, lakini kwa kuwa ni wewe nitalisema tena.

Gari lako ukilitia D linakaa kimya, kisha linagonga. Njiani injini inanguruma na mwendo hauongezeki. Hiyo ni klachi inayoteleza. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna sahani zenye utando mwembamba wa kushikia, zinazobanwa kwa presha ya oili. Utando ule ukishaungua umekwisha, na hakuna dawa ya chupani itakayoubandika upya. Solenoidi iliyokufa au springi iliyokatika, vivyo hivyo.

Sisemi kichupa ni maji matupu. Vipo vinavyolainisha mpira, na sili iliyokakamaa kwa uzee ikivimba kidogo, uvujaji mdogo hupungua kwa muda. Vingine hugusa msuguano, na ule mtetemeko mdogo wakati konvata, kile kiungo kati ya injini na gia boksi, inapojifunga unaweza kutulia. Hapo nakubali. Ila sili huweza kuvimba kupita kiasi ikaharibika, na oili yenyewe imetoka kiwandani ikiwa na dawa zake zilizopimwa. Wamarekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, walitia hata mafuta ya nyangumi ili klachi zishike bila kushtuka. Walipokatazwa, wahandisi walihangaika kupata mbadala. Wewe unataka kuichezea hesabu hiyo kwa kukisia?

Tena niambie, iliyomo sasa ni oili gani? Toyota za zamani kidogo hutaka T-IV, zilizofuata WS, na zenye CVT, yaani gia boksi ya mkanda na puli, zina oili yao. Nissan za CVT zina NS-2 au NS-3. Fundi akikutilia “ile nyekundu” kwenye CVT, mkanda wa chuma utateleza kwenye puli zake na kuzichubua. Swali hili ungeanza nalo, halina gharama.

Halafu pima. Kama kuna stiki, pima oili ikiwa ya moto, injini inawaka, gari liko tambarare, umeshapitisha gia zote. Nyingi za siku hizi hazina stiki, hupimwa kutoka chini kwa joto maalumu. Hapo usimwachie mtu wa kubahatisha. Oili ikipungua pampu huvuta hewa, presha huanguka, na dalili ni hizo hizo zako. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, ifunguliwe mtazame sumaku iliyomo: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma ni msiba. Na mashine ya kusoma kodi za hitilafu ichomekwe kabla hujanunua chochote.

Klachi zikiwa zimekwisha, utafungua ubadilishe, au utanunua gia boksi ya mtumba kutoka Japani, ambayo nayo hujui iliteswa vipi huko. Zote zinauma mfukoni. Lakini ukizidi kuliendesha hivi, unga wa klachi utaziba filta na njia za valvu, na hutakuwa na la kuchagua.

Basi liache hapa uani. Kesho ukilipeleka kwa fundi wa gia boksi, usikubali livutwe kwa kamba: injini ikizimwa pampu haizunguki, na magurudumu yataisaga gia boksi bila oili. Tafuta lori la kubebea magari, walipandishe juu.